Kuomba Kupunguziwa Rejesho la Mkopo

Mkopaji anaposhindwa kulipa rejesho, jambo la kwanza analolifanya mara nyingi ni kuzima simu. La pili ni kubadili njia ya kwenda sokoni ili asipite mbele ya ofisi ya mkopeshaji. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa deni katika jamii yetu hubeba aibu. Lakini ni hofu inayogharimu fedha. Kila wiki inayopita katika ukimya huongeza riba na tozo za kuchelewa, na humwondolea mkopaji nafasi ya kuzungumza akiwa bado na kitu cha kuweka mezani.

Somo hili linaeleza namna mkopaji anavyoweza kumwomba mkopeshaji apokee rejesho dogo zaidi kwa muda, aombe nini hasa, na ombi hilo litamgharimu kiasi gani. Jambo hili la mwisho ndilo ambalo wengi hawalitazami. Kupunguziwa rejesho si kupunguziwa deni, na anayetoka katika ofisi ya mkopeshaji akifurahia rejesho jipya bila kujua deni limekuwa kiasi gani ametoka na nusu tu ya habari.

KWA NINI MKOPESHAJI AKUBALI

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania, inampa mtu aliyeahidiwa uhuru wa kusamehe ahadi yote au sehemu yake, au kuongeza muda wa kuitekeleza. Huo ni uhuru, si wajibu. Kwa hiyo mkopaji anayeomba kupunguziwa rejesho haendi kudai haki ambayo mwenzake amemnyima. Anakwenda kumwonyesha mkopeshaji kwamba kukubali kuna nafuu kuliko kukataa.

Nafuu hiyo ipo. Kwa benki, mkopo unaopitisha siku 90 bila kulipwa huingia katika hesabu ya mikopo chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha za kufidia hasara inayotarajiwa. Benki Kuu ya Tanzania huzitaka benki zihakikishe mikopo ya aina hiyo haizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Kuuza dhamana nako si kazi nyepesi kama vitisho vya simu vinavyoashiria. Kwa nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mkopeshaji ampe kwanza mkopaji notisi ya maandishi ya siku 60. Baada ya hapo huja gharama za dalali, matangazo na, mara nyingi, kesi. Afisa mikopo mwenye uzoefu anajua kwamba rejesho dogo linalofika kila mwezi ni bora kuliko nyumba inayogombaniwa mahakamani kwa miaka.

Kutokana na hayo, wakati mzuri wa kuzungumza ni kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, au mara tu baada yake. Siku ya 20 mkopaji ni mteja mwenye tatizo. Siku ya 120 ni jina katika orodha ya kukusanya madeni, na faili lake huenda limeshahamishiwa kwa watu wasiokuwa na mamlaka ya kubadili masharti ya mkataba.

NAMBA YA KWENDA NAYO

Ombi lisilo na namba hujibiwa kwa namba ya mkopeshaji. Mkopaji akisema tu kwamba hali ni ngumu, ataulizwa: “Wiki hii utaleta kiasi gani?” Atataja kiasi cha kumtoa pale ofisini, naye atashindwa kukileta. Ahadi ya pili inayovunjwa huharibu zaidi kuliko ile ya kwanza.

Tuchukulie mfano wa mwanamke mwenye duka la vyakula mjini Mbeya. Anadaiwa na benki salio la Sh. 4,000,000, riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio linalopungua, na amebakiza miezi 12. Rejesho lake ni takribani Sh. 378,000 kwa mwezi. Anadaiwa pia Sh. 300,000 na kikundi chake cha VICOBA, na Sh. 150,000 alizokopa kwa simu. Ujenzi wa barabara umeziba njia ya kuingia dukani kwake, na faida yake, baada ya kununua bidhaa na kulipia fremu, imeshuka hadi Sh. 480,000 kwa mwezi.

Akiketi na daftari anapata hesabu hii: chakula Sh. 150,000, pango la nyumba Sh. 50,000, maji, umeme na mkaa Sh. 30,000; nauli na mahitaji ya shule Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 260,000. Zinabaki Sh. 220,000. Anatenga Sh. 20,000 za dharura, kwa sababu mtoto ataugua katika miezi sita ijayo hata kama mpango wa madeni haukuandika hivyo. Kinachobaki kwa ajili ya wadai wote watatu ni Sh. 200,000.

Wengi hukosea katika kuzigawa hizo Sh. 200,000. Mdai anayepiga simu mara kumi kwa siku hulipwa kwanza, na mara nyingi ndiye mwenye deni dogo na asiye na dhamana yoyote. Mdai aliyeshikilia hati ya nyumba huwa mpole kwa muda, naye huachwa. Mpangilio wa busara hutazama kila mdai anaweza kuchukua nini na kwa haraka gani, wala haujali nani ana sauti kubwa. Mwenye duka wetu anaipangia benki Sh. 120,000, kikundi Sh. 50,000, na mkopo wa simu Sh. 30,000. Wote watatu wanapata kitu, na hilo lina uzito katika mazungumzo: kila mdai huogopa kusamehe ili mwingine alipwe.

NAFUU ZINATOFAUTIANA

Nafuu ambayo mkopeshaji hupendekeza kwanza huwa ni kurefusha muda. Mkopo wa mwenye duka ukirefushwa kutoka miezi 12 hadi 24, rejesho linashuka kutoka takribani Sh. 378,000 hadi Sh. 211,000. Linavutia. Lakini riba atakayolipa hadi mwisho inapanda kutoka takribani Sh. 539,000 hadi Sh. 1,076,000, yaani karibu mara mbili. Tena hizo Sh. 211,000 zinazidi uwezo wake wote wa sasa, hata kabla ya kukifikiria kikundi. Amejifunga miaka miwili kwa rejesho asiloliweza leo.

Nafuu ya pili ni kupunguza rejesho kwa kipindi kifupi tu, halafu kulirudisha. Akilipa Sh. 120,000 kwa miezi 6, kila rejesho linafuta riba ya mwezi husika, ambayo mwanzoni ni Sh. 80,000, na kupunguza kidogo deni lenyewe. Mwisho wa miezi hiyo salio ni takribani Sh. 3,748,000. Likipangwa upya kwa miezi 12, rejesho linakuwa takribani Sh. 354,000, chini kidogo ya lile la awali. Riba ya ziada kwa mpango wote ni takribani Sh. 434,000. Si ndogo, lakini ni pungufu kwa zaidi ya Sh. 100,000 kuliko ile ya kurefusha hadi miezi 24, na wakati wa shida familia inakula.

Ipi ni bora? Inategemea shida yenyewe. Barabara itakamilika na wateja watarudi. Hiyo ni shida yenye mwisho, na nafuu fupi inaitosha. Aliyeachishwa kazi akapata nyingine yenye mshahara nusu ana shida isiyo na mwisho unaoonekana. Kwake miezi sita ya nafuu ni kuahirisha tu anguko, na kurefusha muda, pamoja na gharama yake, ndiyo njia ya kweli. Mkopaji ajiulize swali hilo kwa ukweli kabla hajaulizwa na afisa mikopo.

Tahadhari moja kuhusu hesabu hizi. Zote zinachukulia riba inayotozwa kwenye salio linalopungua. Wapo wakopeshaji wanaotoza riba kwenye kiasi cha awali hadi siku ya mwisho. Kwa asilimia ileile 2 na miezi ileile 12, riba kwenye Sh. 4,000,000 ingekuwa Sh. 960,000 badala ya Sh. 539,000, ukirefusha kwa utaratibu huo hadi miezi 24 inakuwa Sh. 1,920,000. Ulizeni swali hili kabla ya mengine yote, na jedwali la marejesho liombwe kwa maandishi.

Adhabu za kuchelewa ndizo rahisi kusamehewa, kwa sababu si fedha iliyotoka mfukoni mwa mkopeshaji. Ni ajabu jinsi wakopaji wengi wanavyosahau kuziomba. Kusamehewa sehemu ya deni lenyewe ni jambo la nadra. Hutokea zaidi mkopo unapokuwa umekwama muda mrefu na mkopaji amepata fedha za mkupuo, pengine kwa kuuza kiwanja au kusaidiwa na ndugu. Mwenye kupata nafasi hiyo asilipe hata shilingi kabla ya kupokea barua inayosema wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Akilipa kwanza, kilicholipwa kinaweza kuhesabiwa kuwa rejesho kubwa tu, na salio likaendelea kudaiwa.

BARUA

Mazungumzo ya ana kwa ana ni mazuri, lakini ombi liwe katika maandishi. Barua ya mwenye duka wetu inaweza kuwa hivi:

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA REJESHO LA MKOPO KWA MIEZI 6

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkopaji wenu mwenye mkopo namba ………, uliotolewa tarehe ……… Hadi mwezi uliopita nimelipa marejesho yote kwa wakati. Tangu mwezi ……… ujenzi wa barabara umeziba njia ya kuingia dukani kwangu na mauzo yamepungua. Faida yangu kwa mwezi sasa ni Sh. 480,000, kama nakala ya daftari la mauzo iliyoambatanishwa inavyoonyesha. Baada ya mahitaji ya lazima ya kaya na madeni mengine mawili, ninaweza kulipa Sh. 120,000 kila tarehe 5 ya mwezi kwa miezi 6.

Ninaomba katika kipindi hicho nisitozwe adhabu ya kuchelewa. Na baada ya miezi 6, salio litakalobaki lipangwe upya kwa miezi 12. Rejesho la kwanza la Sh. 120,000 nimelilipa leo na stakabadhi yake imeambatanishwa. Ninaomba kujibiwa kwa maandishi.

Barua haina maombolezo, na neno “nitajitahidi” halimo. Ina sababu moja, ushahidi, kiasi, tarehe na ombi. Rejesho la kwanza limelipwa kabla ya jibu, na hili hushawishi kuliko aya nzima ya maelezo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani.

MEZANI

Afisa mikopo huenda akapendekeza mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Pendekezo hili linaweza kuwa la nia njema, lakini lipimwe kwa gharama zake zote: ada ya maombi, bima, na riba inayoanza upya juu ya kiasi ambacho ndani yake mna riba na adhabu za mkopo wa kwanza. Mkopaji aombe namba mbili tu, yaani jumla atakayolipa akibaki katika mkopo wa sasa, na jumla atakayolipa akiingia katika mpya. Afisa asiyeweza kuzitoa namba hizo asipewe saini siku hiyo.

Ataombwa pia kusaini hati ya kukiri deni. Si kosa kukiri deni la kweli. Kosa ni kukiri kiasi ambacho hajakihakiki. Kabla ya saini, aombe taarifa ya mkopo inayoonyesha kila rejesho na kila tozo, ailinganishe na stakabadhi zake.

Kama mkopo una mdhamini, naye ahusishwe mapema. Sheria ya Mikataba humlinda mdhamini ambaye masharti ya deni alilolidhamini yamebadilishwa bila ridhaa yake, na kwa sababu hiyo mkopeshaji makini atamtaka asaini makubaliano mapya. Ni heri mdhamini, ambaye mara nyingi ni shemeji au rafiki wa kanisani au msikitini, aisikie habari kutoka kwa mkopaji mwenyewe kuliko kwa simu ya benki.

Mwenye mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara yumo katika hali tofauti kidogo. Makubaliano na mkopeshaji hayatoshi mpaka maelekezo ya makato yabadilishwe kwa mwajiri. Mtumishi wa umma akague pia kama makato yake yote yanamwachia angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kama utaratibu wa utumishi unavyotaka. Yakizidi hapo, ana hoja ya kuanzia kabla hata ya kuomba huruma.

WASIOSTAHILI KUFUATWA

Kipindi cha kusubiri jibu ndicho chenye hatari kubwa zaidi. Hapo ndipo mikopo inayoitwa mtaani “kausha damu” hupata wateja. Kukopa huko ili kulipa benki ni kubadilisha deni linaloweza kujadiliwa kwa deni lisiloweza. Mkopeshaji anayetaka kubaki na kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba ya siri hajaomba dhamana. Ameomba kukabidhiwa akaunti nzima. Hakuna sababu halali ya kumpa.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila anayefanya biashara ya kukopesha anapaswa kuwa na leseni au usajili, na leseni hiyo mkopaji ana haki ya kuiulizia. Vivyo hivyo kwa mikopo ya simu: mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Kumtisha mkopaji, kumtukana, au kuwatumia ujumbe ndugu na wafanyakazi wenzake ili kumwaibisha si njia halali ya kukusanya deni, hata deni lenyewe likiwa la kweli. Hifadhini ujumbe huo na tarehe zake. Msiufute kwa hasira.

IKIWA OMBI LIMEKATALIWA

Kwanza, uliza sababu kwa maandishi. Mara nyingi kinachokataliwa ni kiasi au muda, si wazo zima, na ombi la pili lenye namba tofauti hupita. Pili, lalamiko lipelekwe katika kitengo cha malalamiko cha mkopeshaji mwenyewe. Lisipotatuliwa, kwa benki na watoa huduma ndogo za fedha wenye leseni, mkopaji anaweza kulifikisha Benki Kuu ya Tanzania. Kwa SACCOS, baada ya kamati na bodi ya chama, ipo Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ieleweke hata hivyo kile ambacho msimamizi anaweza kukifanya. Anaweza kuchunguza tozo zisizokuwa katika mkataba, hesabu za riba zilizokosewa, au udhalilishaji. Hawezi kumwamuru mkopeshaji apunguze rejesho kwa sababu tu mkopaji ameishiwa. Anayesubiri hilo asiache kulipa kile kiasi alichokiahidi katika barua yake, na atunze stakabadhi.

BAADA YA KUKUBALIWA

Makubaliano yawe katika karatasi yenye saini za pande zote, yakitaja kiasi, tarehe, muda, riba, hali ya adhabu, na kitakachotokea kipindi cha nafuu kikiisha. Wakopeshaji hupeleka taarifa za mikopo katika kanzidata inayotumiwa na kampuni za taarifa za wakopaji. Miezi michache baadaye mkopaji aombe ripoti yake na kuona kama mkopo umeandikwa kwa masharti mapya au bado unaonekana kuwa umecheleweshwa.

Miezi miwili ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi. Mara nyingine afisa amekubali, barua imesainiwa, lakini mfumo wa kompyuta haujabadilishwa, na tarehe 5 akaunti inakatwa Sh. 378,000 zilezile. Hilo likitokea, nendeni tawini siku hiyohiyo na nakala ya makubaliano, mkaombe kiasi kilichozidi kirudishwe, kabla fedha ya chakula cha mwezi haijahesabiwa kuwa rejesho la ziada.